Chembe Zilizopauka

Newala,
Jumatatu, 21 Novemba 1994.

Dada yangu Anastasia, Mama Evelina,

Shikamoo, dada. Naomba barua hii ikukute umekaa uani unapepeta, goti lako la kushoto limekusamehe kidogo, na mvua za kwanza zimefika huko Lukuledi kama zilivyofika huku juu Ijumaa. Shemeji mwambie gazeti nililomwahidi ninalo. Sijalituma kwa sababu bado nabishana nalo. Sisi huku ni wazima. Evelina ni mzima, rangi imerudi kwenye midomo yake. Mtoto wake naye ni mzima, ananyonya kama mtu aliyeambiwa maziwa yatakwisha kesho.

Barua yako niliipata kwa mkono wa Kulwa, yule utingo wa lori la korosho, pamoja na jogoo mwekundu uliyemfunga miguu kwa kipande cha kanga. Umeandika kwamba upande wetu wote umekaa ukakubaliana: mtoto abatizwe Jumapili ya tarehe nne Desemba, na aitwe Pancras, kwa sababu mjomba alitoa damu yake mwenyewe ikaingia mwilini mwa Evelina, na mjomba wa namna hiyo hajaonekana tangu enzi za bibi yetu. Umeniuliza kama nakubali. Umesema nijibu upesi maana padre anataka jina.

Nimekaa na barua yako siku tisa. Jogoo sikumchinja. Nilimfunga nyuma ya nyumba, na kila alfajiri amekuwa akinikumbusha kwamba sijajibu. Leo najibu. Ila wewe ulinilea mgongoni, unajua kwamba mimi sijawahi kusema ndiyo wala hapana bila kuhutubia kwanza. Nivumilie.

Nianze na Erasto. Unamkumbuka, yule wa Chiwata, mrefu, mwenye pengo. Alikuja maabara kwangu mwaka sabini na nane kufagia na kuosha vioo. Alikuwa amemaliza darasa la saba na hakujua kwamba damu ina kitu ndani yake zaidi ya wekundu. Mimi ndiye niliyemketisha mbele ya darubini. Mimi ndiye niliyemwonyesha namna ya kugeuza kioo cha chini kikamate jua, maana darubini yetu haina taa, na siku ya mawingu tunapima kwa kubahatisha. Nilimfundisha kutandaza tone la damu kwenye kioo mpaka liwe jembamba mwishoni kama ulimi wa mbuzi. Alipokosea nilimfokea. Alipopatia sikumsifu, maana nami sikusifiwa. Kisha nikamwandikia barua ya kumwombea chuo, serikali ikamsomesha, akarudi na cheti kikubwa kuliko changu.

Mwaka juzi aliacha kazi akafungua maabara yake barabara ya kwenda Tandahimba. Ina bango la rangi ya bluu, limeandikwa Maabara ya Uhakika, kana kwamba sisi wengine tunapima mashaka. Ana darubini yenye taa. Ana jenereta. Ana koti jeupe ambalo ni jeupe kweli, si la rangi ya maziwa ya juzi kama langu. Watu wanamwita Daktari, na si daktari. Mimi nimepima watu wa wilaya hii miaka ishirini na mitatu, na unajua wananiitaje? Bwana Kopo. Kwa sababu ndiye ninayewapa kopo la kuletea choo. Bibi Kibibi, yule anayeuza udongo wa kula pale sokoni, aliniambia mbele ya wateja wake kwamba Newala sasa imeendelea, ina mpimaji wa taa na mpimaji wa kopo, mtu achague. Wateja walicheka. Nami nilicheka, dada, na kicheko kile nilikwenda nacho nyumbani kama jiwe kwenye kiatu.

Na jambo lililonichoma zaidi ni adabu yake. Laiti angenidharau. Kila tukikutana anasimama, anaondoa mikono mifukoni, ananiamkia shikamoo Mwalimu, hata mbele ya wale wanunuzi wa korosho wa kutoka Dar es Salaam wasiomwamkia mtu. Unampigaje ngumi mtu aliyekuinamia?

Basi nikampiga kwa kalamu. Nilisema, na hata leo nasema, kwamba nchi inayoanza kuuza kila kitu itaamka siku moja ikute imejiuza yenyewe. Tumeambiwa ni ruksa. Ruksa kununua korosho kwa yeyote mwenye mizani, iwe ya kweli au ya kupinda. Ruksa mitumba, ruksa sabuni za kila rangi, na sasa ruksa kuwatoboa watu vidole barabarani. Niliandika makala gazetini nikauliza kama homa ya mkulima nayo itawekwa kwenye mizani ya korosho. Walimu wa hapa waliikata wakaibandika ofisini kwao. Sikumtaja Erasto. Niliandika tu juu ya vijana waliosomeshwa kwa jasho la mkulima kisha wakarudi kumwuzia mkulima huyohuyo macho waliyopewa bure. Newala nzima ilijua ni nani. Yeye mwenyewe alikuja kazini kwangu, akaniamkia, akasema ile sentensi ya macho imekaa vizuri.

Nilipokuwa naandika nilijiapiza kwamba ni hoja tupu, hakuna wivu ndani yake. Soma mpaka mwisho ndipo uamue.

Sasa Evelina. Mwezi wa sita, mimba ikiwa ya miezi minne, alianza kuchoka. Alikuwa akipanda ngazi tatu za ofisi ya walimu, moyo unamwenda mbio kama aliyekimbizwa. Darasani alifundisha ameketi. Akawa anakula udongo wa Bibi Kibibi, vipande kwa vipande, ameuficha kwenye mkoba pamoja na chaki. Marko mumewe aliogopa. Unamjua mkweo, si mtu wa maneno mengi. Anapima korosho kwa mnunuzi mmoja binafsi na amezoea kwamba kitu kikiwa na shida kinapelekwa kwa mtu mwenye kifaa kipya. Akampeleka kwa Erasto.

Hawakuja kwangu kwanza. Mwana wa dada yangu, niliyemlipia ngoma ya unyago, niliyesimama kwenye posa yake, alitobolewa kidole chini ya bango la bluu wakati mimi niko hai na darubini ninayo.

Hata hivyo alifuata desturi. Jioni yake alikuja kwangu na ile karatasi, akaketi, akanipa kwa mikono miwili. Alisema Marko ndiye aliyeharakisha, na kwamba yeye hawezi kumeza kitu mjomba hajakiona. Erasto alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri, mwandiko niliomfundisha mimi wa kuandika majibu yasiyosomeka vibaya: wingi wa damu asilimia arobaini na nane, chembe nyekundu ni ndogo na zimepauka, upungufu wa madini ya chuma. Apimwe choo kwa minyoo ya safura. Aache udongo. Asinywe chai pamoja na chakula. Vidonge vya chuma, miezi mitatu bila kukatiza.

Nilimwambia aje kesho yake asubuhi, jua likiwa zuri. Akaja. Nikamtoboa kidole kingine, nikatandaza damu yake, nikaipaka dawa ya rangi, nikageuza kioo kikakamata jua, nikatazama.

Dada, nataka ukione nilichokiona. Damu njema chini ya darubini ni kama uwanja uliojaa sahani nyekundu, zote saizi moja, zimefifia kidogo tu katikati. Za Evelina zilikuwa ndogo, nyingine nusu ya saizi ya kawaida. Katikati zilikuwa nyeupe, wekundu umebaki pembeni tu, kama pete. Nyingine zilikuwa zimerefuka kama penseli. Ulikuwa uwanja wa pete tupu na penseli.

Nikueleze kwa nini inakuwa hivyo, maana utaona baadaye kwa nini ni lazima uelewe kwamba mimi nilielewa. Chembe nyekundu hupikwa ndani ya mfupa, kwenye uboho. Ikizaliwa ni kubwa, haina wekundu. Inajigawa, mbili, nne, nane, na huku ikijigawa inajijaza rangi nyekundu, na rangi hiyo haiwezi kutengenezwa bila chuma. Rangi ikifika kipimo, ndipo chembe inaacha kujigawa na kutoka kwenda kazini, kubeba pumzi kuipeleka mwilini. Sasa chuma kisipokuwepo, rangi haifiki kipimo. Chembe inangoja. Na wakati inangoja inajigawa tena, kama mama aliyeambiwa mboga iko njiani, akawa anaukata ugali tena na tena ili watoto wasilie, mpaka kila tonge limekuwa la kifaranga na mboga haijafika. Mwisho uboho unachoka kungoja, unazitoa zilivyo, ndogo, zimepauka, na chache. Zinaingia kazini mikono mitupu.

Na ubaya wake ni kwamba haianzi leo. Mwili una ghala la chuma. Kwanza ghala linakwisha kimyakimya, mtu akiwa bado anacheka na kulima. Chembe za zamani zilizopikwa wakati wa neema zinaendelea kufanya kazi kama miezi minne, ndipo zinakufa, na nafasi yake inachukuliwa na hizi za njaa. Unapoona pete kwenye kioo, njaa ni ya siku nyingi. Na mtoto aliye tumboni habishi hodi. Anachukua chake kwanza.

Kwa hiyo Erasto alikuwa sahihi. Neno kwa neno. Nilitafuta kosa kama mtu anayetafuta sindano mchangani. Nilitafuta vijidudu vya malaria niseme ni malaria, sikupata. Nilipima choo cha Evelina, nikaona mayai ya safura, kama Erasto alivyosema. Hata ule udongo alioutaja. Wanaokula udongo mara nyingi ni damu yao inayowatuma, na udongo huohuo ukifika tumboni unakikamata chuma kisiingie. Nilimfundisha mimi jambo hilo, mwaka themanini na moja, mvua ikinyesha, hatuna jua la kufanyia kazi.

Nilimpa Evelina dawa ya minyoo. Juu ya vidonge vya Erasto sikusema lolote. Alianza kuvimeza. Baada ya wiki mbili akaviacha. Kwa nini aliviacha nitakwambia mwishoni, nikipata moyo.

Wiki tisa zikapita. Tarehe ishirini na mbili Septemba, Alhamisi, Evelina alikuwa kwenye foleni ya maji, ndoo yake ni ya kumi na moja. Wanawake waliokuwepo wanasema alikuwa akimtania mmoja wao juu ya ndoo yake yenye tobo, kisha akanyamaza katikati ya utani, akakaa chini taratibu kama mtu anayetafuta kivuli, na hakuinuka. Marko alinikimbilia kazini. Nilipofika niligeuza ukope wake wa chini. Ulikuwa mweupe kama karatasi ninayoandikia. Midomo nayo ilikuwa hivyohivyo. Pumzi ilikuwa fupi, na miguu imevimba.

Tulimteremsha kwenda hospitali ya misheni kwa gari la mnunuzi wa Marko. Nikiri hapa kwamba gari la serikali halikuwa na mafuta, na yule mnunuzi niliyemwita mnyonyaji gazetini alitoa funguo kabla hatujamaliza kueleza. Na nani alikuwa ameketi nyuma, ameshika kichwa cha Evelina mapajani? Erasto. Alikuwa amesikia, akafunga maabara yake, wateja wamo ndani. Njia nzima hakuniuliza swali. Mkoba wa Evelina ulifunguka kwenye ule mteremko, pakiti ya vidonge ikadondoka miguuni pake, imejaa zaidi ya nusu. Aliiokota. Akahesabu kwa macho, maana ni mpimaji. Akanitazama, akairudisha mkobani. Aliniambia tu kwamba Mwalimu nishikilie bomba la gari, kuna kona.

Hospitalini walisema damu ni asilimia ishirini na sita na moyo umeanza kushindwa. Ilitakiwa damu ya mtu saa hiyohiyo. Tulipimwa watatu, Marko, Erasto na mimi. Nilitangulia kunyoosha mkono. Nilisema kwa sauti, wauguzi wote wasikie, kwamba mimi ndimi mjomba, damu yetu ni moja, wasipoteze muda na wengine. Yule sista mpimaji alirudi na kioo chake akaniambia kwa upole kwamba kundi langu ni B, la Evelina ni O; nikimpa yangu nitamwua. La Marko lilikuwa A.

La Erasto lilikuwa O. Alipimwa pia vile virusi vya siku hizi, vya UKIMWI, akaonekana safi.

Nilikaa kwenye benchi, pamba imebanwa kwenye mkono wangu pale waliponitoa tone la kupimia, nikaangalia chupa ikijaa damu ya Erasto. Ilikuwa nyeusi kwa uzito. Hata damu yangu ilikataliwa, dada, ikachukuliwa yake. Evelina alikuwa anakufa chumba cha pili, na ndani yangu kulikuwa na sehemu iliyokuwa inauliza kwa nini isiwe O yangu. Sehemu hiyo haikuwa ndogo.

Nilipotoka nje ndugu wa Marko walikuwa wamefika. Waliiona pamba mkononi mwangu. Mama yake Marko alipiga magoti akanishika miguu, akaniita baba. Nilifungua mdomo. Erasto alikuwa bado ndani amelazwa kidogo, ana kizunguzungu. Nilifunga mdomo, na hata baadaye Marko na Erasto, waliojua, hawakunisuta. Habari ikapanda Newala, ikashuka Masasi, ikafika kwako Lukuledi kwamba mjomba ametoa damu. Wewe ukakamata jogoo.

Siku kumi baadaye, Evelina akiwa amerudi, nilitandaza tena damu yake. Kulikuwa na jua zuri. Nilitazama, nikaona watu wawili kwenye kioo kimoja. Zile pete ndogo zilikuwepo bado, na katikati yao zimetawanyika chembe kubwa, duara, nyekundu, zilizoshiba. Sikuhitaji kuambiwa ni za nani. Nilikuwa namtazama Erasto. Alikuwa ameingia mpaka ndani ya mwana wa dada yangu na alikuwa anafanya kazi, na kazi yake ilionekana, hata kwa darubini isiyo na taa. Nilitazama mpaka jua likahama.

Tangu hapo Evelina anameza vidonge vyake kila siku. Na nitajisifu kidogo, maana hilo moja ni langu peke yangu: mimi ndiye niliyemwambia asivimeze kwa maji matupu bali kwa maji ya mabibo yaliyokamuliwa asubuhi, kabla hayajaanza kuchachuka. Ukali wa bibo unakisaidia chuma kuingia mwilini. Erasto alikuwa anawaambia watu machungwa, na machungwa huku ni ya kutafuta, wakati mabibo yanaoza chini ya kila mkorosho. Nilipomwambia alitoa daftari akaandika. Tangu hapo anawaambia wateja wake kwamba hayo ni maarifa ya Mwalimu Pancras. Hata hapo, dada, hakuniachia nafasi ya kumchukia kwa raha.

Sasa nimefika. Nimezunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala, lakini nimefika.

Mtu akimeza vidonge vya chuma, choo chake kinakuwa cheusi kama masizi ya chungu. Si ugonjwa. Ni chuma ambacho mwili haukukichukua kinachotoka. Kila mpimaji anajua. Ila mtu asiyejua hushtuka, hudhani damu inaoza tumboni, na hapa kwetu wanawake wengi wameacha vidonge kwa hofu hiyo. Evelina alikishtukia mwezi wa saba. Alikuja kwangu mchana, nikiwa peke yangu maabara. Alikuwa na aibu kusema, akasema. Akasema pia kwamba Erasto alimwonya tangu mwanzo kwamba itakuwa hivyo na asiogope. Lakini mama mkwe wake amemwambia mimba inaharibika. Kwa hiyo amekuja kwa mjomba. Mjomba akisema ni sawa, atameza. Mjomba akisema sivyo, ataacha. Alisema hivyo, kwa upole, kama mtu anayekabidhi funguo.

Unalijua neno la mjomba kwetu. Karatasi ya maabara yoyote, ya serikali au ya bango la bluu, haifiki kwenye kisigino chake.

Ilitosha niseme ndiyo. Ndiyo moja. Lakini ndiyo ile ingekuwa ya kumkubali Erasto, na mdomo wangu ulikataa kuibeba. Sikusema hapana pia. Mimi ni mtu wa hoja, naogopa uongo ulio wazi. Nilimwuliza swali. Nilimwuliza, na huyo Erasto alifundishwa na nani. Basi. Kisha nikainama kwenye darubini yangu kama mtu mwenye kazi, na kiooni hapakuwa na kitu.

Akaniaga vizuri. Siku hiyo akaacha vidonge, akarudia udongo wake, na uboho wake ukarudi kungoja mboga isiyokuja, wiki tisa, na mtoto akichukua chake kwanza.

Sikusema uongo hata neno moja, dada. Nimeligeuza jambo hili pande zote kama ninavyogeuza hoja za watu gazetini, na kila nikiligeuza naona kwamba uongo ungekuwa nafuu. Nilitaka Erasto akosee. Hapakuwa na njia ya Erasto kukosea ila Evelina azidi kuumwa, na nilijua hivyo, nikakubali. Sikuliita wivu. Nililiita msimamo. Na yale niliyoandika kuhusu ruksa siyafuti, maana mengi ni ya kweli na nitayaandika tena. Ila kalamu ile nilikuwa nikiichovya mahali pachafu.

Evelina nilimwambia yote jana, baada ya misa. Alikuwa ananyonyesha. Alisikiliza mpaka mwisho, akamhamishia mtoto upande wa pili, akasema alikuwa anajua. Alisema alipotoka maabara siku ile alijua kabisa kwamba mjomba wake hajamjibu, na alijua ni kwa nini, lakini angepita wapi na neno la mjomba mgongoni? Kisha akaniambia kuna chai, ila yeye siku hizi hanywi na chakula, nimngojee ale kwanza. Nikangoja. Sijawahi kungoja chai kwa unyenyekevu kama ule.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mtoto asiitwe Pancras. Aitwe Erasto. Nimeandika jina hilo mara mbili kwenye karatasi nyingine kwanza, kuona kama mkono utakubali. Umekubali, kwa shida. Watakaouliza sababu, usinifiche. Wasomee barua hii, na uisome ukiwa umesimama, si kwa kunong'ona jikoni. Erasto mwenyewe hajui kwamba nakuandikia. Akiulizwa atakataa jina, atasema ni la Mwalimu. Msimsikilize. Katika hilo tu ndipo hajui kitu.

Jogoo wako sikuweza kumla na sikuweza kumrudisha. Leo asubuhi nimempeleka barabara ya Tandahimba, nikamfunga kwenye nguzo ya lile bango la bluu. Bango limepakwa rangi upya. Nimesimama pale nikaliangalia, na nikuambie ukweli wote maana leo ni siku yake: bado liliniuma.

Juzi Jumamosi nilitazama tena damu ya Evelina. Pete zimebaki chache sana. Chembe zake mpya zimekomaa, zimeshiba, zimejaa uwanja mzima. Nilizitafuta za Erasto nikashindwa kuzitenga. Nimetumia jicho hili miaka ishirini na mitatu, na sikuweza kusema hii ni yake na hii ni yetu.

Nisalimie shemeji, na majirani wote wanaonikumbuka, na hata yule asiyetaka kunikumbuka tangu ule ubishi wa uchaguzi wa ushirika. Goti lisugue na mafuta ya moto. Ukija kwenye ubatizo njoo na kanga ya kumbebea mtoto, maana aliyonayo ni moja. Kama hutataka kunisalimu nitaelewa. Nitakuamkia mimi, kama ilivyo desturi, nami nitangoja uitikie.

Ni mimi mdogo wako,
Pancras.